Kitongoji Kilichopakwa Kijani

Dada yangu Verediana aliwahi kukifuta kitongoji kizima kwa kubonyeza kitufe cha kompyuta.

Watu walikuwemo. Moshi ulikuwa unatoka majikoni. Mama yetu mkubwa, Fausta, alikuwemo, yuko uani anapepeta ulezi.

Najua kuna mtu ameshasema "huyu naye ameanza". Tulia kwanza.

Kisa ni cha Songea na mwenyewe Vere ameniruhusu nikiweke hapa. Sharti lake lilikuwa moja tu: "Andika, lakini usinitetee."

Basi sitamtetea. Nasimulia kilivyokuwa.

Ilikuwa mwaka 1999. Wale wa rika langu mnaikumbuka ile miaka. Ushirika ulikuwa hoi, wanunuzi binafsi wa mahindi wanaingia na malori yao na bei zao mfukoni. Kule Lizaboni, mtaa wa hapo mjini, watu walikuwa wanatoboa kuta za vyumba vya mbele wanaweka madirisha ya duka. Kila mtu kawa mfanyabiashara.

Na kulikuwa na neno jipya mjini: mwekezaji.

Lilikuwa kwenye kila mdomo, ila waliowahi kumwona huyo mtu walikuwa wachache.

Miradi nayo ilikuwa mingi. Vere alipata kazi kwenye mradi mmoja wa ramani za matumizi ya ardhi, ofisi yao ilikuwa nyumba ya kupanga, njia ya kwenda Matogoro. Yeye alisomea uchapaji tu. Mradi ukampeleka Dar kwenye kozi ya kompyuta, akarudi anaongea habari za setilaiti asubuhi, mchana na jioni, mpaka nyumbani tukamchoka.

Sasa niwaeleze kidogo hiyo kazi, maana ndiyo iliyozaa balaa.

Setilaiti inapita huko juu inapiga picha. Picha zinaletwa kwenye sidii, kwa basi kutoka Dar. Lakini haziji na rangi kama picha ya studio. Zinakuja tabaka tabaka, zote nyeusi na nyeupe, na wewe ndiye unaiambia kompyuta tabaka hili liwe jekundu, hili kijani, hili bluu. Ukizichanganya ndipo unapata picha moja ya rangi.

Vere alizipanga mpaka miti ikaonekana kijani, mashamba yaliyolimwa yakawa waridi, maji yakawa meusi.

Sasa, picha moja haitoshi wilaya nzima. Lazima uziunganishe. Na kila picha inakuja imelala upande, pembeni imezungukwa na weusi mtupu ambao si ardhi. Ni pale tu ambapo setilaiti haikupiga kitu. Huo wanauita rangi ya nyuma.

Usipoushughulikia, weusi wa picha ya juu unaifunika picha ya chini. Kwa hiyo unaiagiza programu: hii rangi ya nyuma, ifanye isionekane. Inakuwa kama kioo.

Vere alifanya hivyo. Picha ya mashariki na ya magharibi zikakaa pamoja, safi.

Isipokuwa mahali pamoja.

Kule nyuma ya kijiji cha Mpitimbi kulibaki kipande hakijafunikwa na picha yoyote, kinaonyesha weupe wa nyuma, kama chapati iliyomegwa. Picha ya kukiziba ilikuwepo, ila ilikuwa mawingu matupu, na bosi aliamuru iachwe.

Bosi wake aliitwa Goodluck. Mtumishi wa kuhamia, katokea Arusha, mtu wa shati lililonyooshwa. Hakuwa mtu mbaya, hilo Vere analisema mpaka leo. Alikuwa mtu mwenye hofu. Wafadhili walikuwa wanakuja kukagua, na wakikunja uso, mradi unafungwa na kila mtu anarudi kwao.

Akaja akasimama nyuma ya kiti cha Vere.

"Hiki kidonda cheupe ni nini?"

"Hapo hatuna picha, bosi. Ile ya mawingu ulisema tuiache."

"Inaonekana kama panya kaitafuna ramani."

"Naweza kuweka kijivu, niandike hapana picha."

"Uandike hapana picha?" Goodluck akashika kiuno. "Wageni si watauliza tumekuwa tunafanya nini muda wote huu? Weka kijani. Kama hapo pembeni."

"Bosi, kijani ni msitu."

"Ni rangi ya nyuma tu. Si umenifundisha mwenyewe inaitwa hivyo?"

Vere akageuka akamtazama.

"Hapo kuna watu. Kuna kitongoji kinaitwa Nambarapi. Mama yangu mkubwa anakaa hapo."

Goodluck akacheka. Si kwa dharau, alicheka kama mtu aliyechoka.

"Sasa mama mkubwa atadhurika nini? Atapakwa rangi usoni? Weka, Vere. Wageni wakiondoka unarudisha."

Jenereta la ofisi lilikuwa linaunguruma nje, maana umeme wa Songea enzi hizo ulikuwa wa mgao, na dizeli ilikuwa inaisha. Hapakuwa na muda wa kubishana.

Vere akachukua kijani cha msitu wa jirani, akakipeleka kwenye lile pengo.

Akabonyeza.

Nambarapi ikaisha. Hata mlio haikutoa.

*

Wageni walikuja, wakaipenda ile ramani kupita kiasi. Mmoja aliipiga picha na kamera yake.

Waliipenda mpaka wakaondoka na faili kwenda Dar, na huko ikachapwa. Makaratasi makubwa, yanang'aa, yana nembo juu na maelezo ya rangi chini. Kijani: msitu na pori lisilotumika.

Ramani zikarudi Songea kwa lori. Kila ofisi ikabandika yake ukutani.

"Bosi, ile rangi sasa?"

"Toleo la pili, Vere. Tutarekebisha kwenye toleo la pili."

Toleo la pili halikuwepo kwenye mpango wowote. Vere alilijua hilo na bosi alilijua hilo.

Siku hiyohiyo akawasha kompyuta yake, akafungua ramani, akairudisha Nambarapi kuwa pengo. Ilimchukua dakika chache tu. Akakaa anaiangalia.

Lakini nani angeiona? Iko ndani ya kompyuta moja, kwenye chumba kimoja. Ile ya kijani iko kwenye kuta za mji mzima.

Jumapili baada ya misa akaenda Nambarapi. Kwanza kwa gari la mizigo, halafu kwa miguu.

Alimkuta mama mkubwa na majirani wamekaa kivulini kwa ukuta wa nyumba, kibuyu cha pombe ya komoni kinazunguka. Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Swalehe, Myao aliyetoka Tunduru siku nyingi, yeye alikuwa na kikombe chake cha chai.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanetu. Karibu."

Akawaeleza. Alijitahidi kutafuta maneno. Kwamba kuna ramani mpya, na kwenye hiyo ramani wao hawapo.

Watu wakacheka mpaka komoni ikamwagika.

"Hatupo?" Mama mkubwa akajishika shavu. "Sasa wewe umekuja kumsalimia nani?"

"Mama mkubwa, nasema kweli. Mtu akiitazama anaona pori."

"Atakuja atatuona," alisema mzee Swalehe. "Inshallah atakula na chakula. Karatasi haina macho, binti yangu."

Vere alicheka nao. Angefanya nini? Wakamfungia mahindi na maboga, wakamsindikiza.

*

Miezi ikapita. Halafu yule mwekezaji aliyekuwa anasemwa, akaja.

Kampuni ya kupanda miti ya mbao. Walikuwa wanatafuta ardhi kubwa, wazi, isiyo na mtu. Wakafunguliwa ile ramani. Wakaona kijani kimoja kilichotulia, hakina hata kiraka kimoja cha waridi.

Mnaelewa? Sehemu nyingine zote za ramani zilikuwa na madoadoa ya mashamba. Ni pale tu palipokuwa safi kabisa, kwa sababu palipakwa kwa mkono.

Palikuwa pazuri kuliko kwingine kote.

Watu wa Nambarapi walijua siku walipoamka wakakuta vigingi vyenye vichwa vyekundu vinakatiza kwenye mihogo yao.

Mzee Swalehe na mama mkubwa wakaja mjini. Walifikia kwa Vere, Lizaboni. Hawakucheka tena.

Asubuhi Vere akaomba ruhusa kazini, akawapeleka kwenye ofisi moja iliyokuwa inashughulika na mambo ya ardhi. Afisa aliwapokea vizuri tu, akawapa viti. Ramani ilikuwa nyuma yake, imefunika ukuta mzima.

"Nyie mnatokea wapi?"

"Nambarapi," alisema mzee Swalehe.

Afisa akageuka kwenye ramani. Akatafuta. "Nambarapi iko wapi hapa?"

Vere akainuka, akaweka kidole. "Hapa."

"Hapo ni pori, dada."

"Si pori. Ni kitongoji."

"Dada, soma mwenyewe hapo chini. Kijani ni nini?"

Mama mkubwa akasimama. Alikuwa mwanamke mrefu, na siku hiyo alivaa kitenge chake cha Pasaka. Akasogea mpaka uso ukakaribia kugusa karatasi.

"Mwanangu," akamwambia afisa, "mimi nimezaa watoto wangu hapo. Nimezika mume hapo. Kama hapo ni pori, mimi ni nani? Ngedere?"

Afisa akainamisha macho. "Sijasema hivyo, mama."

"Wallahi tuna mashamba," alisema mzee Swalehe. "Njoo uone kwa macho yako. Twende hata leo."

"Gari halina mafuta, mzee. Na mimi nafanya kazi na kilichopo ukutani."

Hapo Vere akafungua mkoba. Alikuwa amechapa ramani yake, ile yenye pengo, kwa printa ya ofisini. Sasa printa yenyewe ilikuwa ya wino mweusi tu. Msitu kijivu. Mashamba kijivu. Pengo lenyewe jeupe, kama karatasi iliyokwama.

Akamweleza afisa kila kitu. Kwamba pale hapakuwa na picha, kwamba ile ni rangi ya nyuma, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeiweka.

Afisa akashika kile kikaratasi. Akakilinganisha na lile jitu la ukutani linalong'aa, lenye nembo.

"Unaniambia ramani ya wataalamu imepakwa tu rangi?"

"Ndiyo."

"Na wewe ndiye uliyepaka?"

"Ndiyo."

"Basi mkubwa wako aje aniambie hivyohivyo."

Akamrudishia kikaratasi chake.

*

Goodluck alimsikiliza mpaka mwisho. Akafunga mlango.

"Vere, nikienda kusema kile kipande tulijaza tu, watauliza na vingine je. Ramani nzima inakufa. Mradi unakufa. Wewe, mimi, dereva, wote."

"Bosi, watafukuzwa."

"Nafahamu."

"Mama yangu mkubwa, bosi. Nilikuambia siku ileile."

"Nafahamu!" Kisha akashusha sauti. "Nafahamu, Vere. Ulisema."

Vere anasema siku hiyo alimwona yule mtu anakuwa mdogo ndani ya shati lake. Mpaka leo hajui kama alimwonea huruma au alimchukia.

Lakini Goodluck alifanya jambo moja. Alichukua simu mbele yake, akapiga Dar kwa wale walioichapa ramani. Hakusema walipaka. Alisema kipande cha Mpitimbi "kina mashaka", wanaomba picha mpya isiyo na mawingu.

Dar wakajibu: picha ikionyesha mashamba, watatoa masahihisho rasmi. Wataagiza. Subirini.

Vere akasubiri.

Mnajua kusubiri kitu cha Dar mwaka ule? Hakuna simu za mkononi, barua pepe inafunguka siku jenereta likipenda. Kila basi la Dar likiingia stendi, yeye yuko pale. Kondakta akawa anamwona kwa mbali na kutikisa kichwa.

Alipiga tena. Wakasema inashughulikiwa. Akapiga tena. Yule aliyekuwa anashughulikia amehamishwa.

Na huko Nambarapi mambo hayakusubiri.

Waliruhusiwa kuvuna. Hiyo ndiyo huruma waliyopewa. Baada ya mavuno likaja trekta, na watu wa kampuni, na mgambo. Hakuna aliyepigwa. Mzee Swalehe aliwasihi vijana wasiinue hata jembe. Nyumba ziliangushwa moja baada ya nyingine, watu wamekaa na magunia yao wanaangalia.

Wengine wakahamia kando ya barabara Mpitimbi, kwa ndugu. Mzee Swalehe akarudi Tunduru, kwenye mikorosho ya kaka zake. Alikuwa ameondoka huko kijana, akarudi na mvi.

Mama mkubwa akaja kwa Vere, Lizaboni. Alikuja na kinu, mchi na jogoo mmoja.

Hakumlaumu. Hilo ndilo lililomuua dada yangu.

Alikuwa anaamka alfajiri, anafagia uwanja mdogo wa nyumba ya kupanga, anamaliza, kisha anasimama na ufagio mkononi hajui afanye nini tena. Hakuna shamba. Anaufagia upya.

*

Mvua zikanyesha, zikaisha, zikanyesha tena.

Trekta halikurudi. Tukaja kusikia ile kampuni imeishiwa nguvu, wamegombana wenyewe kwa wenyewe. Miti haikupandwa hata mmoja. Lakini vigingi vilibaki, na askari wa kuvilinda wakabaki.

Halafu siku moja kondakta akampungia Vere mkono kutoka dirishani.

Sidii.

Alitembea kuelekea ofisini, karibu akimbie. Akapitia nyumbani, akamwita mama mkubwa. Alitaka awepo. Alitaka aone.

Goodluck naye akavuta kiti.

Vere akaweka sidii. Akapanga tabaka, jekundu, kijani, bluu. Akaondoa weusi wa pembeni. Anga lilikuwa safi siku ilipopigwa, hakuna wingu hata moja. Akaisogeza picha mpaka ikakaa juu ya lile pengo, ikaingia sawasawa, mto ukaungana na mto.

Akavuta karibu.

Kijani.

Akavuta zaidi. Kijani. Akasogea kaskazini, akarudi kusini. Hakuna waridi. Hakuna shamba. Hakuna njia ya kwenda kisimani.

Akatafuta tarehe ya picha.

Ilipigwa mwezi wa tatu, masika, mwaka huohuo sidii ilipofika. Watu walikuwa wameshaondoka muda mrefu. Mashamba yalishalala, majani yalishapanda, vichaka vilishafunika misingi ya nyumba.

Dar hawakuagiza picha ya zamani, ya wakati watu wapo. Hakuna aliyewaambia waagize ya zamani. Waliagiza picha mpya, kama walivyoombwa.

Nje jenereta linaunguruma.

"Nyumba yangu iko wapi hapo?" aliuliza mama mkubwa.

Vere akaonyesha kwa kidole.

Mama mkubwa akainama akaangalia muda mrefu. Kisha akajifunga kitenge vizuri.

"Basi walisema kweli," akasema. "Ni pori."

Akatoka nje.

Goodluck alikohoa. Akasema kwa sauti ndogo sana, "Kwa hiyo ramani sasa iko sawa."

Hakuwa anakejeli. Alikuwa anasoma tu kile kilichoonekana kwenye kioo cha kompyuta. Dar walipopata majibu walisema hivyohivyo: hakuna haja ya masahihisho.

Vere aliniambia alibaki peke yake akafanya kitu cha kipuuzi. Alifungua pale anapobadilisha rangi ya nyuma, akachagua nyeusi, akabonyeza. Alitaka kile kipande kiwe cheusi, kama kidonda, mtu akiona aulize.

Hakikubadilika.

Akabonyeza tena. Kijani kikakaa palepale.

Programu haikuwa na kosa. Pale hapakuwa na rangi ya nyuma tena. Kilikuwa kijani cha kweli, majani ya kweli, yaliyopigwa picha na setilaiti ya kweli.

*

Mama mkubwa Fausta alifariki Lizaboni, tukamzika hapohapo mjini. Tuliomba azikwe Nambarapi karibu na mumewe. Tukaulizwa eneo hilo liko wapi, na tukaambiwa hilo ni pori la mtu, hairuhusiwi kuzika humo.

Vere aliacha ile kazi. Sasa hivi anashona nguo.

Ndugu zangu, ninachotaka mbaki nacho ni hiki. Wengi wenu mnafanya kazi za kujaza: takwimu, taarifa, ramani, majina ya watu. Kuna siku utafika mahali usipopajua, na mkubwa wako atakuambia weka chochote, ni rangi ya nyuma tu.

Mahali usipopajua, paache paonekane hupajui. Hata kama panatia aibu mbele ya wageni.

Pengo linamfanya mtu aulize nani anakaa hapa. Ukishalipaka rangi, hakuna atakayeuliza, na wenyewe wakija kujibu watakuta swali limeshafungwa.